Fungua Shingo Nione

Mimi sijui kukaa. Hata kanisani huchagua mwisho wa benchi ili nikitaka kutoka nisisumbue magoti ya watu. Mume wangu husema nilizaliwa nikiwa nimesimama, na mama yangu mzazi hajawahi kumkanusha. Ndiyo maana kazi ya chai ilinifaa. Mchumaji hakai, unasonga mstari kwa mstari tangu umande wa asubuhi mpaka mvua ya alasiri, vidole viko mbele na kichwa kinafuata. Lakini mwaka ule aliozaliwa binti yangu nilijua kutotulia kwa namna nyingine, kule kunakokaa ndani ya mbavu na ambako hakuishi hata uchume kilima kizima.

Alizaliwa asubuhi katika zahanati ya shamba, mzito, mwenye sauti ya kuita watu. Mkunga alimpangusa, akamgeuza ubavu, kisha akamsogeza kwenye mwanga. Nilimuuliza ni nini, akanionyesha. Upande wa kushoto wa shingo, chini ya taya, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ndimu. Niliugusa. Ulikuwa laini kama pakiti ya maziwa ya dukani, ukiubonyeza unaingia na kurudi, na mtoto hakulia. Nilipomweka kifuani alinyonya kama aliyefundishwa. Mkunga akaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, akasema nisiogope ila nisichelewe. Niliogopa papo hapo.

Wiki ya pili mama mkwe wangu alifika kutoka kwao kando ya ziwa, na omena, dagaa wa kule, kwenye mfuko na kanga mbili mpya. Alimwogesha mjukuu wake mwenyewe. Alipofika shingoni aliacha kumwaga maji. Akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Nani mwingine ameona hii kitu?"

"Mkunga, mama. Na baba yake."

"Basi iishie hapo. Usimwonyeshe mtu. Watu wako na macho, nyathina. Jicho likishika kitu kama hii, inakua."

Nyathina ni mwanangu. Alikuwa akiniita hivyo tu anapokuwa na hofu. Kwetu kule kuna watu wanaosemekana macho yao humdhuru mtoto, wengine wakiwa hawajui wenyewe kwamba wanayo macho hayo, na mama mkwe wangu alikuwa amezika watoto wawili wadogo kabla ya kumpata mume wangu. Sikubishana naye. Nilijiambia mimi ni mwanamke wa kanisa, naimba kwaya, siamini mambo ya macho. Alasiri ile ile jirani alibisha hodi kuja kuona mtoto, na kabla mdomo wangu haujasema karibu, mkono wangu ulikuwa umeshavuta shali mpaka kidevuni. Hapo ndipo nilipojua ninachoamini.

Nikaanza kufuma. Nilifumua sweta yangu ya kijani ya shule, nikafuma kola pana ya kumzunguka mtoto shingo, yenye kifungo nyuma. Ikachafuka, nikafuma ya pili. Ningekuwa Kisumu, kwenye joto lile, watu wangeniuliza siku ya kwanza. Kericho hakuna anayekuuliza kwa nini umemfunika mtoto. Baridi ya huku hukupa ruhusa ya kuficha chochote, na wanawake wa pale kwenye laini, yale makazi yetu ya wafanyakazi, walinisifu. Mmoja aliniomba nimfumie wake kola kama ile. Nilimfumia, na nilijichukia kila nilipoona mtoto wake ameivaa bila sababu.

Hospitalini nilienda, nisije nikaonekana mama mjinga. Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, viatu vya raba, nywele zimefungwa haraka. Alimlaza binti yangu, akatoa simu yake, akawasha tochi na kuibana kwenye uvimbe. Uvimbe wote ukawaka rangi ya waridi, vile tulivyokuwa tukiwasha tochi ndani ya kiganja tulipokuwa watoto. Nilishtuka nikasimama.

"Unaona? Ni maji," alisema. "Si nyama, si jiwe."

Akanieleza kwamba mwilini, mbali na damu, kuna maji mengine yanayopita katika mishipa yake midogo. Kwa binti yangu mishipa hiyo haikuungana vizuri alipokuwa tumboni, maji yakakosa njia, yakajikusanya kwenye vifuko. Si saratani. Haikuletwa na nilichokula, wala mzigo niliobeba, wala mtu.

"Wala mtu?" niliuliza.

"Wala mtu, mama."

Alisema kuna sindano ya kukausha vifuko vile, na akanipa tarehe ya miezi kadhaa mbele, mtoto akishakua kidogo. Halafu akavuta kiti karibu. Mtoto akipata mafua, alisema, au damu ikivuja ndani, uvimbe unaweza kujaa kwa saa chache ukabana njia ya hewa. "Kwa hivyo kila anayebaki na mtoto lazima ajue. Umwonyeshe mahali penyewe. Aangalie rangi, aangalie kama imekuwa ngumu, asikilize anavyopumua. Ikibadilika, mnakuja mbio. Umenielewa?"

Nilimwambia nimeelewa. Na nilielewa. Sitaki mtu anayesoma haya anionee huruma kwamba sikuambiwa.

Likizo ya uzazi ikaisha. Pale shambani kuna chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi, nyumba ya mabati yenye mikeka, jiko la kuni na uzio wa miti. Anayekisimamia ni bibi wa Kikipsigis kutoka pande za Sigowet, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Sote tunamwita Kogo, yaani bibi, hata nyapara anayetukaripia sote humwita hivyo na kuvua kofia. Hulea watoto wetu zaidi ya ishirini kwa siku na anajua kilio cha kila mmoja akiwa amewapa mgongo. Ningetafuta nchi nzima nisipate mtu bora wa kumwonyesha ile shingo.

Nilisimama mlangoni pake asubuhi ya kwanza, mtoto mkononi, wanawake wengine watano nyuma yangu wakisubiri zamu. Niliwaona wote wakitazama. Nikasema, "Kogo, huyu ana kifua kibaya. Usimtoe kola hata kidogo. Baridi ikimshika shingo, anashikwa na homa ya mapafu."

"Sawa, mama. Mimi sitatoa."

Naye hakuitoa. Kogo akisema neno ni neno. Kifungo kilipolegea alikikaza. Siku ya jua aliwavua wengine wote sweta, wangu akabaki na kola yake, amekaa mkekani kama mzee wa baraza.

Mume wangu, anayefanya kazi kiwandani kule majani yanakonyaushwa, aliniuliza jioni ile, "Umemwambia Kogo?"

"Nimemwambia," nilisema. Nilikuwa nimemwambia kitu, kwa hiyo mdomo haukuniuma sana.

Ila mwili ulijua. Nikawa sichumi mistari miwili bila kutafuta sababu ya kushuka kwenye chumba cha watoto. Mara nimesahau kitambaa, mara maziwa yananijaa, mara nimesikia kama mtoto analia, na chumba kiko ng'ambo ya bonde. Nikifika naingiza kidole chini ya kola, napapasa upesi kabla Kogo hajageuka, narudi mbio mlimani. Nyapara alinisimamisha mbele ya watu. "Mama, wewe ni mchumaji ama ni posta? Kila saa uko kwa barabara." Wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Msichana niliyechuma naye mstari mmoja, bado mbichi kutoka shule, aliniambia, "Aunty, relax basi. Mtoi yuko poa." Nilitamani kumzaba kofi. Alikuwa mtoto mwema na hakunikosea lolote.

Jumapili baada ya kanisa nilijifungia na binti yangu, nikamzungushia uzi wa sweta shingoni na kufunga fundo pale ncha zilipokutana. Nyuzi nilizihifadhi kwenye mkebe wa majani ya chai. Nilizilinganisha wiki kwa wiki, nikizivuta, nikijiambia uzi umenyooka au mtoto amenenepa. Hakuna aliyenituma kazi hiyo. Nadhani nilitaka kuwa mlinzi wa mtoto peke yangu, kwa saa moja ya Jumapili, ili nisilazimike kumwambia mtu aliyekaa naye siku sita.

Alikuwa na miezi saba alipopata mafua. Jumatatu pua, Jumanne joto kidogo. Asubuhi ile ya Jumanne nilipapasa kwa haraka, nikaona ni vile vile, ama nilitaka iwe vile vile. Nilimkabidhi Kogo, nikapanda mlimani, na siku hiyo nyapara hakuniachia mwanya wa kushuka.

Wanaojua Kericho wanajua mvua ya mawe ya huku haina habari na mtu. Saa nane wingu lilikaa juu ya kilima, na kabla hatujafunga magunia mawe yakaanza kutwanga chai. Tulikimbilia banda la kupimia, sote wachumaji na nyapara, tumebanana, mabati yanapiga kelele mpaka hatusikiani. Kila mtu alikuwa akiangalia majani yanavyochanika. Mimi nilikuwa nikiangalia njia ya kushuka. Sikuwa nimesikia kitu, sikuota kitu. Nilishindwa tu kukaa, kama kawaida yangu, na siku hiyo tabia yangu mbaya ilinisaidia. Nilijifunika gunia kichwani nikatoka. Nyapara aliita, sikugeuka.

Nilimkuta Kogo karibu na jiko, binti yangu mapajani. Alikuwa amemfunga kola, juu ya kola shali, juu ya shali blanketi. Chumba kilinuka mafuta ya kuchua kifua. Mtoto alikuwa akivuta pumzi kwa sauti, sauti nyembamba ya mlango usiopakwa grisi, na macho yake yalikuwa wazi, hayatazami kitu.

"Ni kile kifua ulisema," Kogo aliniambia. "Nimempaka tangu asubuhi. Nimempatia moshi ya maji moto. Hii kifua inakataa."

Nilivuta blanketi, nikavuta shali. Kifungo cha kola kilinishinda kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa barafu, nikakata uzi wake kwa meno. Uvimbe ulitoka wote mara moja. Ulikuwa mkubwa kama ngumi ya mtu mzima, mgumu, rangi ya zambarau iliyoiva, na alama za mishono yangu zilikuwa zimejichora juu ya ngozi. Kola ilikuwa imeubana, nao ulikuwa umepata nafasi ndani tu, upande wa koo.

Kogo hakupiga kelele. Alitazama shingo, akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa hivyo na sitaki kutazamwa hivyo tena.

"Huyu mtoto ako na kitu kwa shingo," alisema polepole, "na wewe unaniambia kifua?"

Alikuwa ameshasimama. Alimweka mtoto wima, akamjaribu upande huu na ule, mpaka akapata mahali, kichwa kimeinama kidogo kulia, ambapo ile sauti ilipungua. "Hapa," alisema, na hakuusogeza mkono wake tena. Alimwachia watoto wengine mwanamke aliyekuja kujikinga mvua, akatoka na mtoto hivyo hivyo chini ya mawe hadi kwenye pikapu ya shamba. Barabarani dereva alikwepa matawi, mimi niliomba na kulia na kupiga mlango kwa kiganja, na Kogo alikaa katikati yetu kama aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Ninaamini ule mkono ndio uliomfikisha.

Hospitalini walimchukua mbio. Daktari alikuwa yule yule wa viatu vya raba. Walimpa hewa, wakamtoboa sindano wakatoa maji yaliyochanganyika na damu, wakamwekea dawa kwenye mshipa. Katikati ya hayo aligeuka akatuuliza swali moja, haraka, bila hasira, kwa sababu alihitaji jibu.

"Ilianza kuvimba saa ngapi?"

Mimi sikujua. Nilimtazama Kogo.

"Sijui, daktari," Kogo alisema. "Ilikuwa imefunikwa."

Kalamu ya daktari ilingoja kidogo juu ya karatasi, kisha akaandika kitu na kurudi kwa mtoto. Mtu angenitukana pale ningeshukuru. Saa zote zile, tangu asubuhi hadi mvua, binti yangu alikuwa mikononi mwa mwanamke mwangalifu kuliko wote ninaowajua, na mimi nilikuwa nimemziba macho.

Sauti ile ilipopungua na daktari aliposema sasa anapumua vizuri, miguu yangu ilikubali kukaa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kogo alikuwa akijifunga shali kurudi na pikapu. Nilimshika mkono nikamwomba anisamehe.

"Nimepaka kifua siku mzima, mama," alisema. "Nilifanya kazi yenye ulinipatia." Ilinitosha kwa miaka.

Tulikaa wodini siku tisa. Baadaye tulirudi kwa ile sindano ya kukausha, mara ya kwanza, mara ya pili. Uvimbe ulisinyaa kidogo kidogo mpaka ukabaki kijivimbe cha ukubwa wa harage, ambacho usipoambiwa hukioni. Daktari hakunidanganya. Alisema huenda ukarudi, huenda usirudi, na kwamba dawa ya kwanza ni macho ya watu. Alisema hivyo hasa, macho ya watu, nami nikamfikiria mama mkwe wangu nikataka kucheka na kulia pamoja.

Nilipomrudisha binti yangu kwenye chumba cha watoto, Kogo alisimama katikati ya mlango. Nyuma yangu walikuwepo wale wanawake wa kila siku.

"Fungua shingo nione," alisema.

"Kogo, tuingie ndani kwanza..."

"Fungua hapa."

Nilifungua. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Kogo aliinua kidevu cha mtoto, akageuza mkono, akapitisha mgongo wa vidole vyake chini ya taya, taratibu, akasikiliza pumzi. Halafu akasema, "Leo iko sawa. Ingia."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Hakunipokelea mtoto mpaka nimfungue mwenyewe mbele ya watu. Wiki za kwanza nilidhani ananiadhibu, na pengine aliniadhibu. Watu walitazama, kwa nini wasitazame? Mwanamke mmoja alihamisha mkeka wa mwanawe mbali na wa binti yangu, na mpaka leo simsalimu ila kwa kichwa. Lakini yule niliyemfumia kola alisogea akauliza, akagusa, akasema mtoto wa dada yake kule Chepseon alizaliwa na kitu kama hicho mgongoni na hakuna aliyemwambia ni nini. Nilimwambia. Yule msichana wa mstari wangu alimulika na simu, eti aone ule mwanga niliomsimulia. Uvimbe haukuwaka tena, akasikitika. Mkebe wa nyuzi nilimpa mume wangu awekee misumari.

Bado situlii. Mtoto akikohoa nainuka. Mawingu yakikaa juu ya kilima nahesabu hatua za kushuka. Tofauti ni kwamba sasa nikifika chini nakuta mtu anayejua anachokitazama.

Binti yangu sasa anazungumza, tena sana. Na kwa kuwa kila siku ya maisha yake anayoikumbuka ilianza kwa kuinuliwa kidevu, ameamua ndivyo watu wanavyosalimiana. Humwinulia kidevu nyapara, mchungaji, muuza mandazi. Asipoguswa, haondoki.

Desemba iliyopita mama mkwe wangu alikuja. Hakuwa amekuja tangu kabla ya siku zile za hospitali. Kwa simu nilikuwa nimemweleza kila kitu isipokuwa lile neno lake la kutomwonyesha mtu, na yeye hakuliuliza. Asubuhi nzima nilifagia mahali palipofagiliwa. Nilikuwa nimepanga maneno, makali mengine, na nilijua sina haki ya kuyasema, kwa sababu yeye alisema mara moja tu, mimi ndiye niliyefuma.

Alipobisha hodi, binti yangu alinitangulia mlangoni akasimama katikati, miguu imepanuka. Bibi yake aliinama amkumbatie. Mtoto akainua kidevu, shingo yote wazi kwenye baridi, majirani wawili wakitazama kutoka kwenye kamba ya nguo. Mama mkwe wangu aliwaona. Mkono wake ulienda kwenye ncha ya kanga yake kana kwamba atamfunika.

"Dani, shika," mtoto alisema, akimwita bibi kwa lugha ya kwao.

Mama mkwe wangu alinitazama. Sikusaidia kwa neno. Akaiachia kanga, akapitisha vidole chini ya taya ya mjukuu wake, mara moja, halafu tena polepole, akitafuta kile alichokiogopa miaka yote ile. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Sasa wewe," mtoto alisema. "Fungua shingo nione."

Bibi mtu mzima, pale mlangoni, mbele ya majirani, alilegeza kitambaa alichojifunga mpaka kidevuni dhidi ya baridi yetu, akapiga magoti, akainua uso. Binti yangu aligeuza mkono wake mdogo, akampitishia mgongo wa vidole shingoni, kushoto na kulia, akatega sikio kusikiliza pumzi. Alichukua muda wake. Kisha akasogea pembeni ya mlango.

"Leo iko sawa," alimwambia. "Ingia."